Yule msafisha dirisha, na filamu moja yenye hukumu mbili

Msomaji wa Morogoro ameandika: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpenzi wa tamthilia za Kikorea tangu enzi za Jumong. Juzi mimi na dada yangu tuliangalia filamu ya Hong Sang-soo inayoitwa On the Beach at Night Alone. Mimi nilisinzia mara mbili: watu wanakula, wanakunywa, wanavuta sigara, basi. Dada yangu alilia mpaka nikaogopa. Nilipotafuta maoni ya watu nikakuta ugomvi uleule. Wapo wanaosema ni kazi ya pekee, na wapo wanaosema ni mwanamume aliyeharibu nyumba yake na sasa anataka tumwonee huruma. Nani yuko sahihi? Na yule jamaa anayesafisha dirisha ni nani?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na jamaa wa dirishani, maana kila nilipoionyesha filamu hii watu humuulizia yeye kabla ya kuuliza jambo jingine lolote.

Anatokea mara tatu. Mara ya kwanza ni bustanini Hamburg, kavaa nguo nyeusi, anawauliza Young-hee, mwigizaji ambaye ndiye mhusika mkuu, na rafiki yake saa ngapi, nao wanaondoka haraka kama watu waliotishwa. Mara ya pili ni ufukweni, mwishoni mwa sehemu ya kwanza, ile ya Ujerumani: kamera inageuka kidogo, na inaporudi tunaona mwanamume kambeba Young-hee begani anatokomea naye, bila kelele, bila maelezo. Mara ya tatu ni Gangneung, mji wa pwani ya mashariki ya Korea. Young-hee na rafiki zake wameingia kwenye nyumba ya kupanga inayotazama bahari, na nje ya kioo mtu anasugua dirisha kwa bidii utadhani analipwa kwa kila tone. Waliomo ndani wanaongea kana kwamba hayupo.

Filamu haimpi jina. Wengine wamesema ni kifo, wengine wamesema ni macho ya umma yanayomfuata mwanamke huyu hadi ughaibuni, wengine wakasema ni huzuni yenyewe. Ukinibana nitasema hivi: katika filamu nzima kuhusu mtu anayetazamwa, huyu ndiye anayeshughulika na kioo chenyewe. Lakini usinibane sana. Nilichojifunza ni kwamba anayetaka kujua yule ni nani ndipo aendelee, filamu hii humshinda hapohapo, na anayeweza kumwacha asugue dirisha lake huvuka salama. Nadhani dada yako alimwacha asugue.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Hauwezi kueleweka bila mambo yaliyotokea nje ya filamu, na tusijifanye hatuyajui, maana Hong mwenyewe hakutaka tujifanye.

Hong Sang-soo alizaliwa Seoul mwaka 1960 na alitoa filamu yake ndefu ya kwanza mwaka 1996. Kwa miaka ishirini hivi alikuwa anapendwa na wahakiki na matamasha kuliko na wanunuzi wa tiketi wa kwao. Mwaka 2015 alitoa Right Now, Wrong Then, iliyochukua Chui wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Locarno, Uswisi, na humo ndimo alimofanya kazi kwa mara ya kwanza na mwigizaji Kim Min-hee. Kim hakuwa mgeni. Alikuwa nyota, na Mei 2016 filamu aliyoiigiza chini ya mwongozaji Park Chan-wook, The Handmaiden, ilishindana kwenye tamasha la Cannes. Mwezi uliofuata magazeti ya Korea yakaandika kwamba yeye na Hong, mtu mwenye ndoa, ni wapenzi. Wenyewe wakanyamaza.

Walipovunja ukimya walitanguliza filamu. Februari 2017, kwenye tamasha la Berlin, walileta hadithi ya mwigizaji wa kike aliyependana na mwongozaji mwenye mke, akakimbilia Ujerumani watu walipomchachamalia, kisha akarudi nyumbani asijue amerudia nini. Mwigizaji huyo anachezwa na Kim Min-hee. Jopo la majaji, chini ya mwongozaji Mholanzi Paul Verhoeven, likampa Dubu wa Fedha wa mwigizaji bora wa kike, na hakuna Mkorea aliyewahi kuipata tuzo hiyo Berlin kabla yake. Tarehe 13 Machi, filamu ilipoonyeshwa kwa waandishi wa habari mjini Seoul, wawili hao wakakiri hadharani kwamba wanapendana. Siku kumi baadaye ikaingia kwenye kumbi za sinema.

Kwa hiyo Mkorea aliyenunua tiketi mwezi ule hakuingia kuangalia hadithi. Aliingia kusikiliza utetezi wa mshtakiwa, na neno hilo sijalichagua kwa mapambo. Nchini Korea uzinzi ulikuwa kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 1953, adhabu yake hadi miaka 2 gerezani. Mahakama ya Katiba iliitazama sheria hiyo mara nne ikaiacha ilivyo, na mara ya tano ndipo majaji 7 dhidi ya 2 walipoifuta, tarehe 26 Februari 2015. Miaka michache nyuma, mwaka 2008, mwigizaji mmoja maarufu alihukumiwa kwa kosa hilohilo kifungo cha miezi 8 kilichoahirishwa. Kati ya kufutwa sheria na kutoka kwa filamu ni miaka 2 tu. Kalamu ya jaji ilikuwa imeshaifuta, ila vibaraza vilikuwa bado vinaitumia.

Huko Berlin watu hawakubeba mzigo huo. Aliyekaa ukumbini, aliyetoka Paris au Lisbon, alimjua Hong kama mwongozaji wa mazungumzo marefu na chupa za soju, ile pombe kali ya Kikorea, akaona kazi yake imeingiwa na maumivu ambayo hayakuwamo zamani. Watu hao wawili, wa Berlin na wa Seoul, walikaa mbele ya picha zilezile wakaona vitu viwili, na sikubali kwamba mmoja wao alikuwa mjinga. Wahakiki wa nje wana tabia ya kusema Wakorea "walishindwa kutenganisha kazi na mtu". Kazi ambayo mtu mwenyewe amekataa kuitenganisha na maisha yake, unamlaumu vipi mtazamaji?

Wewe ni mtu wa huku, kwa hiyo nitumie mfano wa nyumbani. Umeshawahi kukaa kwenye taarab mwimbaji akatupa fumbo, ukumbi mzima ukajua anasemwa nani, naye aliyesemwa yupo mstari wa tatu? Mtu anainuka na noti mkononi, anakwenda kumtunza mwimbaji palepale kwenye ubeti unaouma, na anapita mbele ya mbaya wake makusudi. Kesho yake ukimuuliza mtunzi atakwambia, "Mimi nimeimba tu, jina la mtu sikutaja." Methali inasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Shida ya filamu ya Hong ni kwamba fumbo lake lilikuwa limeshaganguliwa na magazeti miezi minane kabla. Mjinga na mwerevu wote waliingia ukumbini na jibu mfukoni.

Kwa kawaida mtunzi aliyeganguliwa hivyo ana njia mbili: akane, au ajibu mapigo. Hong kuna jambo jingine amelifanya, na ndilo linalonifanya niirudie filamu hii.

Kumbuka sehemu ya pili inavyoanza. Young-hee kakaa peke yake kwenye ukumbi wa sinema huko Gangneung, filamu imekwisha, taa zimewashwa. Hatuambiwi alikuwa anaangalia nini. Lakini sisi tumetoka sasa hivi kuangalia Hamburg! Je, yale yote ya Ujerumani, matembezi ya bustanini, yule jamaa mwenye nguo nyeusi, yalikuwa filamu aliyokuwa akiiangalia? Ni filamu aliyoicheza? Ni kumbukumbu? Hong alishawahi kucheza hivi mwaka 2005 katika Tale of Cinema, ambayo nusu yake ya kwanza inageuka kuwa filamu fupi iliyotazamwa na mhusika wa nusu ya pili. Kule mchezo ulielezwa wazi. Huku umeachwa wazi, na kuachwa huko kuna kazi yake: wewe uliyekuja kudai ukweli wa maisha yao unaambiwa mapema kwamba hata mwenye maisha yenyewe ameketi kwenye kiti kama chako, anaangalia, na hana uhakika ameona nini.

Halafu ile meza ya chakula cha usiku. Ulisinzia? Natumaini haikuwa hapo. Young-hee analewa, na ulevi unamtoa adabu. Anawafokea rafiki zake kwamba hawana sifa za kupenda, anambusu rafiki yake wa kike, anacheka, anakuwa mkali, anakuwa mzuri tena. Kim Min-hee anaicheza bila kuomba huruma hata kidogo. Mtu anayejitetea mbele ya umma huvaa kanga akatulia na kuinamisha kichwa. Huyu anamwaga pombe na matusi. Kwa wale waliosema filamu ni ombi la msamaha, meza hii ndiyo ushahidi wangu wa upande wa pili: ni ombi gani la msamaha linalomfanya mwombaji achukize hivi?

Hata hivyo sitaki nikuache ukidhani ninaipa filamu alama zote. Iko sehemu ambayo mimi mwenyewe, baada ya kuiangalia mara nyingi kuliko ninavyopaswa kukiri, bado nagombana nayo.

Karibu na mwisho Young-hee analala juu ya mchanga. Anaamshwa na msaidizi wa mwongozaji wake wa zamani, ambaye yuko pale na wenzake wanatafuta mahali pa kupigia picha za filamu mpya. Anapelekwa mezani, na hatimaye tunamwona yule mwongozaji, Sang-won, ambaye filamu nzima alikuwa jina tu. Wanagombana. Wanaligusa hata lile swali letu, kama inafaa mtu kutengeneza filamu kutokana na maisha yake mwenyewe. Kisha Sang-won anafungua kitabu na kumsomea maneno ya hadithi ya Chekhov, mwandishi wa Kirusi, iitwayo Kuhusu Mapenzi, ya mwaka 1898, yale yanayosema kwamba ukitaka kuyafikiria mapenzi uanzie kwenye jambo lililo juu kuliko furaha na huzuni, juu kuliko dhambi na wema kama watu wanavyovielewa, ama usiyafikirie kabisa. Anasoma huku analia. Anampa kitabu. Halafu Young-hee anaamka ufukweni, na inakuwa ilikuwa ndoto.

Wanaoipenda filamu husema hapa Hong amejivua nguo. Amemweka mtu wa mfano wake mezani, mzee, amechoka, analia mbele ya vijana anaowaajiri, na hana la kusema mpaka aazime maneno ya Mrusi. Wanaoichukia husema: tazama ujanja, mwanamume amejipangia mahakama ambayo jaji ni mwanamke anayempenda, amejipa machozi, amejipa na Chekhov wa kumtetea, na kesi ikiwa ngumu inageuka ndoto.

Mimi? Nusu ya kila upande, na nusu hizo hazikai vizuri pamoja. Maneno yale ya Chekhov ni mazuri mno kwa mahali yalipowekwa. Yanamtoa Sang-won kwenye kiti cha mshtakiwa na kumpandisha mahali ambapo dhambi na wema havimfikii, jambo ambalo mke wake, kama yumo popote kwenye hadithi hii, asingelikubali. Naye hayumo. Hana jina, hana sura, hana hata kiti mezani. Katika filamu inayojisifu kwamba inajitazama yenyewe bila kupepesa, hapo pamepepeswa. Mtazamaji wa Seoul anayeuliza "na mke wake je?" ameona kitu ambacho jopo la Berlin halikukiona.

Lakini ndoto ni ya nani? Hilo ndilo linalonirudisha. Hong angeweza kumpa Sang-won nafasi ya kuomba radhi katika maisha halisi ya hadithi. Ameiweka ndani ya kichwa cha Young-hee, maana yake yale machozi, kitabu, ungamo lote, ni vitu anavyovitamani mwanamke aliyelala peke yake kwenye mchanga. Mwanamume halisi hakuja. Hakuja Hamburg, alikosubiriwa, hakuja Gangneung. Ukiiangalia hivyo, mwongozaji amekiri jambo gumu kuliko kulia: kwamba hakuwapo. Na aliyelipa ni Kim. Hong aliendelea kupokea mialiko na tuzo za matamasha, ilhali Kim, aliyekuwa anagombaniwa na wazalishaji, kwa miaka iliyofuata ameonekana katika filamu za Hong tu. Kwa hiyo unapomwona Young-hee akiongea kuhusu kurudi au kutorudi kuigiza, hapo hakuna aliyekuwa anaigiza kubahatisha.

(Kuna pia habari iliyokuja baadaye, kwamba Juni 2019 mahakama ya mambo ya familia ya Seoul ilikataa ombi la Hong la talaka, kwa kanuni ya kwao kwamba aliyeivunja ndoa si yeye wa kudai ivunjwe rasmi. Naitaja kwa sababu watu huniuliza. Haibadilishi kitu ndani ya filamu.)

Umeuliza nani yuko sahihi, nami nimekupa makabila mawili. Kuna la tatu, lako wewe, la waliosinzia, na nalo lina haki yake. Tamthilia zilizokulea zimekufundisha, na zimekufundisha vizuri, kwamba kamera ikimsogelea mtu usoni kuna siri inakuja, muziki ukipanda kuna mtu atalia, kipande kikiisha kuna mlango utafunguliwa. Hong anatumia vifaa hivyohivyo kwa namna ya kuudhi. Kamera yake inakaa mahali pamoja dakika nyingi, watu wawili wamekaa ubavu kwa ubavu kama picha ya harusi, halafu ghafla lenzi inavutwa karibu, nawe unakaa sawa ukisubiri siri, na siri haiji. Amevuta tu. Mazungumzo huyaandika asubuhi ya siku ya kupiga picha, waigizaji wanayapokea saa chache kabla, wanayakariri wakiwa bado hawajayazoea, na kwenye meza zake soju inayonywewa mara nyingi ni soju ya kweli. Ndiyo maana wanajikwaa, wanarudia neno, wanacheka pasipochekesha. Mtu anayetafuta tukio hapo atalala. Anayetafuta dakika ambayo mtu amesema jambo ambalo hakupanga kulisema atakaa macho, kwa sababu dakika hizo ni nyingi, ila hazipigiwi tarumbeta.

Nikupe moja. Hamburg, bustanini, wanakaribia daraja dogo la kawaida kabisa. Young-hee anasimama, anapiga magoti, anainama mpaka chini kama mtu anayeswali, kisha anainuka na kuvuka. Rafiki yake anamuuliza alikuwa anafanya nini. Anajibu kwamba alikuwa anajiombea ajue anachokitaka, aishi kwa namna inayomfaa yeye. Jambo lote halifiki dakika mbili na hakuna anayelitaja tena. Dakika mbili hizo zingekupita ukiwa umefumba macho, tena bila kujua kwamba zimekupita.

Ukitaka kumpa Hong nafasi ya pili, usianzie tena hapa. Anzia Right Now, Wrong Then. Mwongozaji anafika mji wa Suwon siku moja kabla ya wakati wake, anakutana na mchoraji, siku inakwenda vibaya, kisha filamu inaanza upya na siku ileile inakwenda tofauti kidogo kwa sababu mtu mmoja amekuwa mkweli kidogo. Ni nyepesi, inachekesha, na haidai ujue habari za mtu yeyote. Ukishazoea mwendo wake, rudi ufukweni.

Na kabla ya kurudi, muulize dada yako alilia wapi hasa. Kama ni pale Sang-won anaposoma kitabu, basi yeye na mimi tuna mjadala mrefu. Mimi huwa ni mapema zaidi: nje ya mkahawa, usiku haujaingia bado, Young-hee ametoka kuvuta sigara, na anaanza kuimba polepole, peke yake, wimbo ambao hakuna mtu amemwomba auimbe.